Wageni mashuhuri mkutanoni: kuanzia barua ya mwaliko hadi ndege inapopaa

Ukichunguza mambo yanayoharibika kwa wageni mashuhuri kwenye mkutano mkubwa wa kimataifa, utakuta machache sana yanatokea mgeni akiwa ameketi ukumbini au amelala hotelini. Mengi hutokea pale mtu mmoja anapomwachia mwenzake mgeni: kwenye mlango wa ndege, mlango wa gari, mapokezi ya hoteli, lango la ukumbi, ngazi za jukwaa. Hapo ndipo waziri husimama dakika nne kwenye korido bila mtu, kila upande ukiamini yuko na upande mwingine. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata safari ya mgeni, na katika kila hatua unauliza maswali mawili: nani anampokea, na atajuaje kwamba mgeni amekaribia?

Hatua ya 1: Panga madaraja, kisha yafunge

Anza miezi minne hadi sita kabla. Andika madaraja ya wageni na kila daraja linapata nini. Mgawanyo unaofanya kazi vizuri ni huu:

A: wakuu wa nchi, wakuu wa serikali, wafalme na malkia.
B: makamu wa rais, mawaziri, wakuu wa mashirika ya kimataifa.
C: naibu mawaziri, mabalozi, wakuu wa taasisi, watoa mada wakuu.
D: wafadhili, wajumbe wa bodi, na wengine wanaostahili njia ya haraka ya usajili na kiti cha mbele, basi.

Marais wastaafu ndio husahaulika. Hawamo kwenye orodha ya serikali yoyote iliyoko madarakani, lakini wanakuja na walinzi na heshima kamili. Wape nafasi yao kwa maandishi, mara nyingi juu ya daraja B, kabla ofisi zao hazijauliza.

Ndani ya daraja moja, nani anatangulia? Swali hili liliwahi kuzua ugomvi mkubwa kati ya mataifa, mpaka Kongamano la Vienna la 1815 lilipokubaliana kwamba mabalozi watangulizane kwa tarehe ya taarifa rasmi ya kuwasili kwao. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kidiplomasia wa 1961, ibara ya 16, umeshikilia kanuni hiyo ya tarehe kwa wakuu wa balozi, ila sasa ni tarehe na saa ya kuanza kazi. Kwa wakuu wa nchi kuna njia mbili za kawaida: tarehe ya kuingia madarakani, au alfabeti ya majina ya nchi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hupiga kura ya bahati kupata nchi itakayokaa kiti cha kwanza, halafu zinazobaki zinafuata kwa alfabeti ya Kiingereza.

Njia zote hizo zinakubalika. Kinacholeta ugomvi ni kuchanganya mbili, au kutangaza kanuni siku ambayo watu wameshaona viti vyao. Chagua moja, iandike kwenye waraka wa itifaki unaoambatana na mwaliko, na isibadilike.

Amua pia kuhusu wawakilishi. Rais akimtuma waziri wake, je, waziri anakaa kwenye kiti cha rais? Njia yenye malalamiko machache ni kumpa nafasi ya cheo chake mwenyewe, lakini mbele ya wenzake wa cheo hicho. Mteue mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kumpandisha mgeni daraja, na weka siku ya mwisho ya maombi. Bila hivyo, kufikia wiki ya mkutano kila mtu atakuwa daraja A na huduma ya daraja A haitakuwapo tena.

Hatua ya 2: Karatasi moja ya kila mgeni

Kila mgeni wa A na B awe na karatasi moja, kurasa mbili kwa wingi, na iwe chanzo pekee cha taarifa zake. Ofisi ya usafiri isiwe na toleo lake na hoteli lake. Kila toleo liwe na namba na saa ya kubadilishwa juu kulia.

Jina lichukuliwe kutoka ofisini kwake, pamoja na namna anavyotajwa jukwaani. Wachina, Wakorea na Wahungaria hutanguliza jina la ukoo. Watu wengi wa Iceland hawana jina la ukoo kabisa, na huitwa kwa jina lao la kwanza hata katika shughuli rasmi. Wenye asili ya Kihispania wana majina mawili ya ukoo, na ukikata la kwanza ukabakiza la pili umemwita mtu mwingine. Iombe ofisi itume sauti fupi iliyorekodiwa ya jina likitamkwa. Sekunde tano hizo zinamsaidia mshereheshaji kuliko maelezo yoyote ya maandishi.

Jina la nchi lihakikiwe kwenye orodha ya sasa ya Umoja wa Mataifa. Swaziland imekuwa Eswatini tangu 2018, Masedonia ni Masedonia Kaskazini tangu 2019, na Uturuki iliomba mwaka 2022 iandikwe Türkiye kwenye nyaraka za kimataifa. Vibao vya meza vilivyobaki kutoka mkutano wa miaka iliyopita vitupwe.

Kwenye chakula, usiulize mgeni anapenda nini. Uliza nini hawezi kula na kwa sababu gani: imani, mzio au dawa anazotumia. Jibu la "hali karanga" lina uzito tofauti kabisa likiwa ni mzio, maana hapo hata mafuta ya kukaangia yanahusika.

Uliza kama ngazi zinamsumbua, kama anasikia vizuri zaidi kwa sikio moja, kama anahitaji kusali na saa ngapi. Mwisho, na hili watu hulisahau, andika jina la mtu mmoja katika ujumbe wake anayeweza kusema "ndiyo" saa tano usiku. Katibu muhtasi anayeandikiana nawe kila siku mara nyingi hana mamlaka hayo.

Hatua ya 3: Vibali ambavyo haviwezi kuharakishwa

Ndege maalumu inahitaji kibali cha kupita anga ya kila nchi iliyo njiani na kibali cha kutua. Maombi hupitia ubalozi na wizara ya mambo ya nje, si kwa waandaaji, lakini waandaaji ndio wanaolaumiwa kikichelewa. Kiulizie kila wiki. Angalia saa zake: marubani wanatumia saa ya UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, na kibali kilichosomwa kana kwamba ni saa ya mahali kinaweza kumkuta mgeni anatua wakati timu ya mapokezi bado imelala. Kwenye ratiba yako andika saa kwa mtindo wa saa 24, na kwa ndege andika zote mbili, ya mahali na ya UTC.

Uliza ndege italala wapi. Uwanja ukijaa, ndege humshusha mgeni na kwenda kuegeshwa uwanja mwingine. Mgeni akiamua kuondoka mapema, itabidi ndege yake iruke kwanza kumfuata, na saa mbili hadi nne huenda zikapita. Ujue hilo kabla hajaanza kuuliza.

Silaha za walinzi zinatangazwa mapema: aina, namba ya kila moja na idadi ya risasi. Uamuzi ni wa vyombo vya usalama vya nchi mwenyeji. Mwandaaji asiahidi chochote. Masafa ya redio za walinzi yanahitaji idhini ya mamlaka ya mawasiliano, na yasipoombwa huenda yakaingiliana na maikrofoni zisizo na waya za ukumbini katikati ya hotuba. Simu za satelaiti, droni za wapiga picha na dawa zenye udhibiti nazo huombewa. Kuhusu mizigo, mkataba wa 1961 unakataza kufungua au kuzuia mfuko wa kidiplomasia, na mizigo binafsi ya mwanadiplomasia haikaguliwi isipokuwa kuna sababu nzito. Maafisa wa forodha wa zamu ya siku hiyo wakumbushwe.

Hatua ya 4: Maafisa wasindikizaji na chumba cha uratibu

Mgeni wa daraja A apate wasindikizaji wawili wanaopokezana zamu. Daraja B apate mmoja. Kwa daraja C, mmoja anaweza kuhudumia wanne au watano. Chagua watu watulivu wanaozungumza lugha ya mgeni, na wasiwe wapenzi wake wa kupiga naye picha. Msindikizaji anayeomba picha ya pamoja amejigeuza kuwa mgeni, na hapo hapo ameacha kutazama mlango.

Mafunzo yachukue siku mbili, na siku ya pili yote iwe ya kutembea: kila mlango, kila lifti, kila choo, njia ya mvua na njia ya dharura. Wapime muda kwa hatua za mzee, si kwa mbio za kijana. Mkobani wawe na karatasi ya mgeni iliyochapishwa, simu na betri ya akiba, redio, mwavuli, kalamu mbili, na nakala ya mpangilio wa viti.

Chumba cha uratibu kiwe na ubao mmoja mkubwa wenye jina la kila mgeni wa A na B na mahali alipo sasa. Taarifa zinazoingia redioni ziwe fupi na za aina tano tu: "Ametua." "Yupo garini." "Dakika tano." "Amefika." "Amepokelewa."

Neno hilo la mwisho lina sharti moja, nalo ndilo moyo wa mfumo mzima. "Amepokelewa" husemwa na anayempokea mgeni, kamwe si na anayemkabidhi. Msindikizaji akisema "nimemkabidhi", ubao haubadiliki. Unabadilika pale afisa wa ukumbi anaposema yeye mwenyewe kwamba mgeni yuko mbele yake. Na mpaka aseme hivyo, msindikizaji hasogei. Sheria hii ndogo inafuta karibu hadithi zote za wageni waliopotea kwenye korido. Watu wataiona ya kijeshi siku ya kwanza, ishikilie.

Hatua ya 5: Beji, pini na milango

Gawa eneo la mkutano kwa kanda na rangi, zisizidi sita, maana mlinzi wa mlangoni hawezi kukumbuka zaidi. Wakuu wa nchi hawavai beji. Kwenye mikutano mingi hupewa pini ya kifuani au huachwa bila chochote. Hivyo kila mlango uwe na karatasi yenye picha za wasiokaguliwa. Picha ziwe za mwaka huu na za uso wa kawaida, kwa sababu picha rasmi za ofisini mara nyingi ni za zamani.

Pini za walinzi zina namba, hutiwa saini, na zinarudishwa. Moja ikipotea, rangi nzima ibadilishwe siku inayofuata. Uwe umeshatengeneza seti ya akiba.

Tangaza fomula ya kuingia chumbani mapema. "Moja na tatu" maana yake kiongozi na watu watatu. Kiongozi atakuja na watu kumi na mmoja hata hivyo. Uwe na chumba cha karibu chenye skrini, sauti, chai na intaneti ili wanane waliobaki wawe na pa kwenda. Kumwambia mtu "huingii" bila kumwonyesha kiti kingine ndiko kunakozalisha makelele mlangoni.

Beji za ujumbe zichukuliwe siku moja kabla na mtu mmoja mwenye barua. Na kila zamu ya walinzi inapobadilika, kiongozi wa zamu awasomee upya wanaoingia kazini. Kiongozi aliyepita bila shida saa mbili asubuhi huzuiwa saa saba mchana na mlinzi mpya ambaye hakuambiwa chochote.

Hatua ya 6: Uwanja wa ndege

Timu iwe mahali pake dakika 60 kabla ya muda wa kutua. Watu huogopa ndege kuchelewa, lakini ndege inayowahi ndiyo hatari. Upepo ukiisukuma kutoka nyuma inaweza kutua nusu saa mapema, na mgeni akakuta zulia likiwa bado limekunjwa.

Kwa ndege maalumu, mstari wa mapokezi usizidi watu watano. Mwenyeji asimame wa kwanza chini ya ngazi, mkalimani nusu hatua nyuma yake. Hati za kusafiria za ujumbe wote zikusanywe na mtu wao mmoja na zishughulikiwe pembeni wakati mgeni anapumzika.

Kwa ndege ya abiria, kabidhiano la kwanza liwe kwenye mlango wenyewe wa ndege, na si kwenye ukumbi wa kutokea. Mwenye kibali cha kufika huko afuatilie mabadiliko ya geti mpaka dakika ya mwisho. Mizigo iwekewe lebo ya rangi ya ujumbe, na mtu mmoja abaki nayo hadi ipande gari lake. Mgeni hasubiri mkanda wa mizigo. Lakini begi lenye dawa au nguo ya jioni lisiende na gari la polepole.

Hatua ya 7: Msafara na hesabu ya mlangoni

Hapa mikutano mingi huanguka kwa kukosa hesabu rahisi. Gari linasimama, mlango unafunguliwa, salamu, picha, mgeni anaingia, gari linaondoka: dakika tatu. Wageni 24 wa daraja A kwa dakika tatu ni dakika 72. Ufunguzi ukiwa saa 10:00, gari la kwanza lifike saa 8:40, maana lazima uache nafasi ya kuchelewa. Muda huo ukiwa mrefu mno, fungua mlango wa pili kwa daraja B na C. Usijaribu kuwabana wakubwa kwa dakika mbili, kwa sababu wapiga picha pekee wanakula moja.

Utaratibu wa kufika ni kuanzia wa cheo cha chini hadi cha juu, ili mkubwa asikae kusubiri. Kuondoka ni kinyume chake. Kila msafara upewe dakika yake na mahali pa kusubiri umbali wa dakika tano, na usitoke hapo mpaka uitwe na chumba cha uratibu.

Njia ijaribiwe siku ile ile ya wiki na saa ile ile, na magari halisi. Dereva hatoki karibu na gari, tangi halishuki chini ya nusu, na dereva habadilishwi bila msindikizaji kujua. Gari la akiba liwe nyuma ya msafara, injini ikiunguruma.

Angalia mgeni atashukia upande gani. Kwa kawaida mgeni hukaa kiti cha nyuma kulia, lakini gari likiingia kwa upande ambao zulia liko kushoto, atafunguliwa mlango unaotazama barabara na itambidi azunguke gari mbele ya kamera. Ama geuza mwelekeo wa magari kuingia, ama mwambie msindikizaji mapema ili mgeni akae kushoto.

Hatua ya 8: Hoteli

Kagua chumba saa tatu kabla: maji ya moto, kiyoyozi, kasha la usalama, intaneti, harufu ya rangi mpya. Ujumbe wa nchi zenye mgogoro usiwekwe ghorofa moja, na ikiwezekana wasitumie lifti moja. Ufunguo ukabidhiwe garini, ili mgeni apite moja kwa moja bila kusimama mapokezi. Kubaliana kwa maandishi nani analipa nini: chumba kinaweza kuwa cha mwandaaji, lakini simu, kufuliwa nguo na vinywaji vya chumbani mara nyingi ni vya ujumbe. Bila maandishi hayo, asubuhi ya kuondoka msafara utasimama kwa ajili ya bili.

Hatua ya 9: Bendera, nyimbo na viti

Bendera zote ziwe na kimo kimoja na nguzo za urefu mmoja. Nafasi ya heshima ni kulia kwa bendera zenyewe, yaani kushoto kwa mtazamaji. Bendera zinazofanana ni mtego. Ya Indonesia na ya Monaco ni nyekundu juu, nyeupe chini, zikitofautiana vipimo. Ya Poland ikigeuzwa inakuwa hiyo hiyo. Za Chad na Romania zinakaribia kuwa moja. Ya Ireland na ya Côte d'Ivoire ni rangi zile zile zilizogeuzwa upande. Ya Ufilipino ikipandishwa nyekundu juu ina maana ya nchi iliyo vitani. Mauritania iliongeza mistari miwili myekundu mwaka 2017, na bado bendera za zamani zinauzwa. Dawa ni moja: siku moja kabla, afisa wa kila ubalozi aje aitazame bendera yake mahali ilipotundikwa, kisha atie saini.

Saini hiyo si urasimu mtupu. Tarehe 25 Julai 2012 mjini Glasgow, kabla ya mechi ya Olimpiki ya soka la wanawake, skrini ya uwanja ilionyesha bendera ya Korea Kusini ikiambatana na wachezaji wa Korea Kaskazini. Wachezaji wakaondoka uwanjani, na mechi ikachelewa takriban saa nzima. Mwezi Machi mwaka huo huo, kwenye utoaji wa medali za kulenga shabaha nchini Kuwait, ulipigwa wimbo wa mzaha kutoka filamu badala ya wimbo wa taifa wa Kazakhstan, kwa sababu ulipakuliwa kutoka intaneti. Wimbo wa taifa uombwe ubalozini, usikilizwe wote na mtu wa ubalozi, na toleo likubaliwe: fupi au refu, la ala tupu au lenye maneno.

Viti vihesabiwe kwa watu waliothibitishwa, na picha ya chumba kilichopangwa itumwe kwa kila ujumbe uidhinishe. Tarehe 6 Aprili 2021 mjini Ankara, Rais wa Baraza la Ulaya na Rais wa Tume ya Ulaya waliingia pamoja kuzungumza na Rais wa Uturuki. Viti mbele ya bendera vilikuwa viwili kwa watu watatu. Ursula von der Leyen, Rais wa Tume, alisimama kwa muda, kisha akaketi kwenye sofa ya pembeni, na picha hiyo ikafunika yote yaliyozungumzwa. Afisa itifaki wa mgeni apewe nafasi ya kuingia chumbani kabla ya mazungumzo, hata kwa dakika kumi. Ukimnyima, kosa lolote la humo ndani litakuwa lako peke yako.

Hatua ya 10: Jukwaa na wakalimani

Mimbari yenye kimo cha sentimita 110 hadi 120 inafaa watu wengi. Weka kijukwaa cha sentimita 15 nyuma yake, kisichoonekana, na mtu wa kukiweka na kukitoa. Maji yawe kwenye glasi, bila barafu. Hotuba iwe na nakala ya pili mimbarini, yenye herufi kubwa, kurasa zenye namba na zisizobanwa, kwa sababu skrini ya kusomea hotuba ikizimika msemaji hana kingine cha kushika.

Wakalimani wa ukalimani sambamba hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi. Wapewe hotuba saa 24 kabla. Ofisi nyingi hukataa kwa hofu ya kuvuja. Basi wapewe dakika 30 kabla wakiwa kibandani na nakala zirudishwe. Msomaji akienda zaidi ya maneno 120 kwa dakika huku wakalimani hawana maandishi, wasikilizaji wa lugha nyingine hupata muhtasari tu. Kifaa cha kusikilizia cha mgeni kiwekwe kikiwa kimeshawashwa, kwenye chaneli yake, sauti ikiwa ya wastani. Usimwachie kiongozi kazi ya kutafuta kitufe mbele ya kamera.

Hatua ya 11: Picha ya pamoja

Inaonekana ndogo, na ndiyo inayoharibika mara nyingi. Andaa majukwaa ya ngazi tatu, na kila nafasi ibandikwe sakafuni kijibendera na jina, herufi zikitazama upande atakaotokea mgeni, kwani zikitazama kamera itambidi ageuze shingo kusoma. Mwenyeji katikati ya mstari wa mbele. Kulia kwake wa kwanza kwa itifaki, kushoto kwake wa pili, na kuendelea hivyo kwa kupokezana.

Waite kwa mpangilio wa kinyume: mstari wa nyuma kwanza, wa katikati, kisha wa mbele, mwenyeji wa mwisho. Watu 40 wanahitaji dakika 12, na picha yenyewe sekunde 40. Wasindikizaji wawili wasimame kila pembe kuelekeza kwa mkono wazi, bila kumgusa mgeni. Mgeni asipofika, usiondoke na nafasi yake tupu: afisa mmoja ang'oe kibandiko na mwingine awaambie walio kando wasogee kabla mpiga picha hajaanza. Weka picha hii kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu baada ya chakula wengine huwa wameshaenda zao.

Hatua ya 12: Mikutano ya pembeni

Kila chumba kipewe vipindi vya dakika 30 na mapengo ya dakika 10 ya kubadilisha bendera, maji na vibao. Mgeni hukaa kulia kwa mwenyeji. Mkalimani akae nyuma kidogo, kati yao. Waandishi waingie kwa dakika mbili za mwanzo, na afisa mmoja awe na kazi moja tu ya kuwatoa.

Hatua ya 13: Yanapokwenda kombo

Majibu yaandikwe kabla, ili usiku huo watu wasianze kujadiliana.

Mgeni amechelewa dakika 20: mshereheshaji anaanza na kipengele kisichomhusu, na kiti chake kinalindwa na msindikizaji aliyesimama pembeni, bila kukalia.

Mgeni amemtuma mwakilishi: kibao, orodha ya mshereheshaji, mpangilio wa picha na karatasi ya mlangoni vibadilishwe vyote vinne. Kikibaki kimoja, ndicho kitakachoonekana.

Mgeni ameugua: daktari wa mkutano anazungumza na daktari wa ujumbe, njia ya gari la wagonjwa inafunguliwa bila king'ora ndani ya eneo, na habari hazitoki redioni kwa jina bali kwa namba ya mgeni.

Amefika mtu ambaye hakusajiliwa na cheo chake ni kikubwa: asisimamishwe mlangoni. Anapelekwa chumba cha kusubiri, anapewa chai, na afisa itifaki mwandamizi anamaliza mambo ya beji pembeni.

Hatua ya 14: Kuondoka

Mizigo itoke vyumbani saa tatu kabla ya mgeni. Msindikizaji na mtu wa ujumbe wapitie chumba pamoja: kasha, bafuni, droo, soketi za chaja, chini ya kitanda. Zawadi zikabidhiwe kwa afisa wa ujumbe siku moja kabla, zikiwa na karatasi ya maelezo na thamani, kwani viongozi wengi wanatakiwa kuzitangaza. Zawadi ya kimiminika au yenye ncha kali haifai kwa anayesafiri na ndege ya abiria.

Kabidhiano la mwisho ni ngazi ya ndege, na timu haiondoki uwanjani magurudumu yanapoinuka. Inasubiri dakika 30 zaidi, kwa kuwa ndege yenye hitilafu hurudi. Baadaye pini zihesabiwe, redio zirudishwe, na karatasi zote zenye taarifa za afya na vyumba zichanwe kwa mashine. Ndani ya saa 48 kila msindikizaji aandike ukurasa mmoja kuhusu mgeni wake: jina linavyotamkwa kweli, alichokula na alichoacha, nani hasa alikuwa akitoa uamuzi. Kurasa hizo zifungiwe kwenye ofisi ya itifaki.